Mlipe Ndugu Yako: Biashara ya Mtandaoni Ukiwa Majuu

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Muulize Mkenya yeyote aliyewahi kujenga nyumba kijijini akiwa kazini Qatar. Anatuma pesa za mawe, anatumiwa picha ya mawe. Anatuma pesa za mabati, anatumiwa picha ya mabati. Siku anashuka JKIA na kufika nyumbani, anakuta mawe ni ya jirani, mabati ni ya kanisa, na shamba lake bado lina mahindi.

Siku hizi wengi hawaanzi na nyumba. Wanaanza na ukurasa wa Instagram au TikTok. Unaweka picha za mashuka, viatu vya watoto au sufuria, unaweka nambari ya WhatsApp, na dada yako aliye Nairobi anapeleka mizigo. Wewe uko Doha, Manchester au Dallas. Mtaji ni mdogo, kodi ya duka hakuna, na simu unayo mkononi. Inawezekana? Inawezekana kabisa. Lakini nyingi za biashara hizi hufa mapema, na kwa maoni yetu haziuawi na kukosa wateja. Zinauawa na jambo moja ambalo watu huona haya kulizungumzia: hakuna aliyekaa chini na ndugu aliye nyumbani wakakubaliana kwamba hii ni kazi, na kazi ina malipo.

Tuseme wazi kabla hatujaendelea. Sisi ni kampuni ya malipo kwa simu. Ukitumia Till ya biashara badala ya nambari ya kawaida, sisi hatupotezi chochote. Kwa hivyo usituamini kwa sababu tumesema. Piga hesabu pamoja nasi, kisha uamue.

Pesa zako zina foleni

Kwa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.19 mwaka 2023, na takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Hizo zinazidi kwa mbali pesa ambazo nchi inapata kwa kuuza chai nje. Lakini kila mmoja wetu anajua hizo pesa zinaenda wapi. Kuna karo, kuna hospitali, kuna unga, kuna michango ya matanga na ya arusi. Kila shilingi ikitua kwa simu, tayari kuna mtu amesimama kwenye foleni akiingoja.

Sasa biashara yako inaingia kwa foleni ileile. Tuseme umetuma KSh 40,000. Kichwani mwako, 30,000 ni za kununua bidhaa na 10,000 ni za mama. Kwa simu ya ndugu yako, hakuna mgawanyo kama huo. Kuna salio moja tu, limeandikwa 40,000. Jioni hiyohiyo shangazi anapiga, mtoto amelazwa na hospitali inataka malipo kabla ya kumhudumia. Ndugu yako afanye nini? Amwambie shangazi kwamba pesa ziko ila ni za mashuka?

Hakuna mwizi hapo. Pesa zimefuata haja iliyo karibu, kama maji yanavyofuata bonde. Ukitaka zisifuate bonde, lazima uchimbe mfereji mapema, na mfereji wenyewe una sehemu mbili: akaunti ya biashara iliyo mbali na pesa za familia, na mshahara wa mtu anayefanya kazi.

Hebu tupige hesabu ya shuka

Chukua mfano wa mtu anayeuza mashuka. Bei hizi ni za mfano tu, weka zako. Shuka moja inanunuliwa Eastleigh kwa bei ya jumla ya KSh 1,500 na kuuzwa mtandaoni kwa KSh 2,300. Mteja analipia boda mwenyewe. Tofauti ni 800, na watu wengi wakiona hiyo 800 huiita faida.

Toa matangazo, 150 kwa kila shuka iliyouzwa. Toa mfuko na lebo, 40. Toa nauli ya kufuata mzigo Eastleigh, 60. Toa 50 kwa ajili ya zile zinazorudishwa kwa sababu rangi haikufanana na picha. Zimebaki 500. Ukiuza mashuka 60 kwa mwezi, una KSh 30,000.

Hapo ndipo aliye majuu anapofurahi. Anasema biashara inaingiza elfu thelathini kwa mwezi, na anaanza kuuliza ziko wapi. Ndugu anasema zimebaki elfu kumi na saba. Simu zinaanza kuwa ndefu, sauti zinapanda, na mama anaingizwa kati kuamua kesi ambayo hana daftari lake.

Lakini angalia siku ya huyo ndugu. Anaamka na kufuata mzigo. Anapiga picha upya kwa sababu ulisema mwanga ni mbaya. Anajibu watu thelathini wanaouliza "bei gani?" na ishirini na tano kati yao hawanunui. Anangoja boda kwenye jua. Anatukanwa na mteja wa Rongai aliyetaka bluu akaletewa samawati. Katikati ya hayo anakula chakula cha mchana, ananunua bando, anapanda matatu, analipa kinyozi. Anatumia nini? Zile pesa zilizo kwa simu. Tuseme ni 500 tu kwa siku, kwa siku 26 za kazi. Hizo ni KSh 13,000.

Umeona? Mshahara umelipwa, ila kimyakimya, bila makubaliano wala daftari, na pande zote mbili zina kinyongo. Wewe unajiona umeibiwa 13,000. Yeye anajiona amefanya kazi mwezi mzima bila hata asante. Na wote wawili mna sababu.

Sasa geuza. Tuseme mmekubaliana kwamba kazi ni ya nusu siku na malipo ni KSh 12,000 kwa mwezi, na biashara inatoa 1,500 za bando na simu. Jumla ni 13,500. Zimebaki 16,500 kutoka kwa zile 30,000. Ni karibu pesa zilezile zilizokuwa zinapotea, lakini sasa zina jina. Ukiambiwa salio ni 16,500, hiyo ni taarifa ya biashara, na hakuna sababu ya kumpigia mama.

Kisha jiulize swali gumu. Kama baada ya kumlipa mfanyakazi hakubaki kitu, je, ulikuwa na biashara au ulikuwa na ndugu anayekufanyia kazi bure? Ni afadhali ujue mwezi wa pili kuliko mwaka wa pili.

"Lakini sisi ni familia"

Tunajua jibu hili. Ati ndugu halipwi, ndugu anasaidia. Ati wewe ndiye ulimlipia karo ya chuo, kwa hivyo anakudai nini? Ati akilipwa ataanza kujiona mfanyakazi na mapenzi yatapungua.

Sisi tunaona kinyume. Kinachopunguza mapenzi ni hesabu isiyosemwa. Karo uliyolipa ilikuwa zawadi au ilikuwa deni? Kama ilikuwa zawadi, haiwezi kugeuka mshahara wa miaka mitatu iliyopita. Kama ilikuwa deni, mwambie ni deni, na mkubaliane atalilipa vipi. Kuchanganya hayo mawili ni kumfunga mtu kwa kamba asiyoiona.

Kuna jambo jingine ambalo aliye mbali halioni kwa urahisi. Ndugu asiyelipwa hawezi kukataa kazi. Akisema amechoka, anaitwa mvivu. Akipata kibarua cha kweli, anaogopa kukuambia, kwa hivyo anafanya vyote viwili vibaya, na wateja wako wanajibiwa saa nne usiku. Ndugu anayelipwa anaweza kukupa notisi ya mwezi mmoja kama mtu mzima, nawe ukatafuta mwingine. Biashara inaendelea, na undugu pia unaendelea.

Makubaliano hayahitaji wakili. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha, mradi useme mambo matano: kazi ni ipi na ni ya saa ngapi kwa siku; malipo ni kiasi gani na yanatoka tarehe gani; nani anaruhusiwa kutoa pesa za biashara, na kwa ajili ya nini; mzigo ukipotea au mteja akitapeli, hasara ni ya nani; na mtu akitaka kuacha, anatoa notisi ya muda gani. Akijibu "sawa, nimekubali", mmeshaanza vizuri. Ukiweza, ongeza kitu kidogo kwa kila mzigo uliofika, tuseme KSh 30. Mtu anayepata kitu kwa kila shuka huwa hachelewi kujibu "bei gani?".

Na ile dharura ya shangazi? Itakuja, usijidanganye. Iwekee mfuko wake, hata kama ni KSh 2,000 kwa mwezi kutoka kwa mshahara wako wa huko, uwe mikononi mwa mtu mwingine wa familia. Mtu wa biashara akiulizwa pesa za hospitali, anaweza kusema ukweli bila kuwa mkatili: "Za familia ziko kwa mama. Hizi ni za wateja."

Laini yako usiiache na PIN yake

Hapa tunaomba mtusikilize kwa makini, kwa sababu ndipo watu wanaumia zaidi.

Wengi wakisafiri humwachia ndugu laini yao ya zamani pamoja na PIN. Wanaona ni rahisi: wateja wanaijua hiyo nambari, na pesa zinaingia "kwangu". Lakini laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako ni zaidi ya mkoba wa pesa. Ni jina lako. Mwenye laini na PIN anaweza kukopa kwa jina lako, kupitia Fuliza au mikopo mingine ya simu. Mkopo usipolipwa, atakayefuatwa ni wewe, na jina litakalopelekwa kwa mashirika ya kuhifadhi rekodi za mikopo ni lako. Utajua siku unarudi na kuomba mkopo wa ploti.

Kuna na hatari ya upande wa pili. Ukiondoka na laini lakini usiitumie kwa muda mrefu, inaweza kufungwa na nambari ikapewa mtu mwingine. Kama biashara yote inategemea nambari hiyo, umepoteza duka bila kuvunjiwa mlango.

Njia iliyo safi ni kutenganisha. Andikisha jina la biashara kupitia eCitizen. Unaweza kuanza ukiwa hukohuko. Omba Till ya biashara. Kisha weka utaratibu ambapo wewe mwenyewe ndiye mwenye mamlaka ya kutoa pesa, na mhudumu wako Nairobi anaweza kuona malipo yanayoingia bila kuweza kuyahamisha. Pesa za kununua bidhaa na za mshahara unazituma kutoka kwa Till kwenda kwake, kwa tarehe mliyokubaliana. PIN inabaki kichwani mwako. Haiandikwi kwa WhatsApp, haisemwi kwa simu, na hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote ya malipo atakayekuomba.

Pochi la Biashara ni nzuri kwa mwenye kibanda, kwa sababu inatenganisha pesa za biashara na za matumizi ndani ya laini moja. Kwa mtu aliye mbali, bado haijibu swali kuu, ambalo ni nani ameshika laini. Kwa hivyo kwako wewe uliye majuu, sisi tungependelea Till.

Till ina faida nyingine ambayo haihusu familia. Mteja wa Kenya amechomwa na matapeli wa mtandaoni mara nyingi. Akiona nambari ya WhatsApp inayoanza na +44 au +974, halafu anaambiwa atume pesa kwa jina la mtu asiyemjua, anakimbia, na hatumlaumu. Akilipa kwa Till, anaona jina la biashara lile aliloliona kwa ukurasa. Tena kwa Till ya Buy Goods, mteja hakatwi ada ya kulipa. Ada ni ya muuzaji, nawe unaiweka kwenye hesabu yako tangu mwanzo.

Mfundishe mhudumu wako sheria moja isiyovunjwa: mzigo hautoki kwa sababu mteja ameonyesha ujumbe wa malipo. Ujumbe unaweza kutengenezwa. Mzigo unatoka baada ya pesa kuonekana kwa Till yenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari

Methali hii ilikuwepo kabla ya simu, na bado ndiyo somo kubwa la biashara kwa lugha yetu. Usimwombe ndugu yako ripoti ya kurasa tano. Hataiandika. Mwombe nambari nne kila jioni, kwa ujumbe mmoja: vimeuzwa vingapi, vimebaki vingapi, zimetumika ngapi, na nani anadaiwa.

Ujumbe wenyewe uwe hivi: "Zimeuzwa 3. Zimebaki 41. Zimetumika 180 za mifuko. Wa Thika anadaiwa 1." Ni sekunde thelathini. Nawe unafungua taarifa ya Till na kulinganisha: shuka tatu ni KSh 6,900, je, zimeingia 6,900? Kama zimeingia 4,600, unauliza siku hiyohiyo, kwa upole, wakati kila mtu bado anakumbuka. Pengine mteja mmoja alilipa pesa taslimu. Ukiuliza baada ya miezi mitatu, hilo si swali tena, ni shtaka.

Mara moja kwa mwezi, mwombe mtu wa tatu asiye na upande ahesabu bidhaa zilizobaki. Tena fanya hivyo tangu mwezi wa kwanza, wakati hakuna shida. Ukianza kuhesabu siku umeshuku, umeshamwita mwizi hata kama hujasema neno.

Saa za Nairobi si saa za Dallas

Watu hufungua ukurasa bila kufikiria saa. Aliye Riyadh au Doha ana bahati: saa yake na ya Nairobi ni moja. Lakini kama anafanya kazi za nyumba, huenda simu anaishika usiku tu. Aliye London yuko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi. Aliye Dallas au Minneapolis wakati wa baridi, Nairobi ikiwa saa sita mchana, kwake ni saa tisa usiku. Mteja anayeuliza bei wakati wa lanchi hatangoja mpaka uamke. Ukurasa wa pili uko hapo chini, na una shuka ileile.

Kwa hivyo gawaneni kazi kulingana na saa. Mchana wa Nairobi, ndugu anajibu na kupeleka. Wewe unafanya yale yasiyohitaji haraka: kuhariri video, kupanga matangazo, kulinganisha hesabu, kuandika maelezo ya bidhaa. Na tafadhali, weka bei wazi kwenye picha. Hii tabia ya "bei inboksi" inakugharimu. Kila anayelazimika kuuliza bei anakula muda wa mtu unayemlipa, na wengi hawaulizi kabisa, wanapita.

Soko lingine liko karibu nawe

Wauzaji wengi walio nje wanapigania mteja wa Nairobi, ambaye tayari ana Gikomba, Kamukunji na mamia ya kurasa za kuchagua. Wanasahau kwamba wamezungukwa na wateja ambao duka la Nairobi haliwafikii: Wakenya wenzao wa kanisani, wa chama na wa kazini.

Fikiria mwuguzi aliye Minneapolis ambaye anataka mama yake Bomet apate unga, sukari, mafuta ya kupikia na blanketi kabla ya Krismasi. Hataki kutuma pesa zikaingie kwenye foleni tuliyoitaja. Anataka vitu vifike. Wewe anakujua, mnakaa benchi moja Jumapili. Ukimpa orodha yenye bei kamili pamoja na usafiri, na siku mzigo ukifika ndugu yako akampigia mama video akiwa ameshika blanketi, umepata mteja wa miaka mingi, na atakuletea wengine.

Biashara hii inauza uaminifu kuliko inavyouza unga. Ndiyo maana tunarudi palepale: haiwezi kusimama juu ya mtu asiyelipwa. Mtu mwenye njaa akikabidhiwa vyakula vya mama wa mwenzake, umemtega bure.

Shilingi, viza na KRA

Mambo matatu ya mwisho ambayo watu hupuuza mpaka yawaumize.

Kwanza, usiilishe biashara kwa dola milele. Januari 2024 dola moja ilipita KSh 160. Kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa karibu KSh 129. Aliyezoea kutuma dola 500 kila mwezi alitoka KSh 80,000 hadi KSh 64,500, na hakuna alichokosea. Kama biashara ilikuwa inaishi kwa pesa hizo, ilikonda kwa KSh 15,500 bila mteja hata mmoja kuondoka. Weka tarehe, tuseme miezi sita, ambapo mtaji kutoka kwako unakoma na biashara inajinunulia bidhaa kwa mauzo yake. Ikifika tarehe hiyo na bado inakuomba kila mwezi, hiyo si biashara. Ni mtegemezi mwingine.

Pili, soma masharti ya viza yako. Uingereza, kwa mfano, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na haruhusiwi kujiajiri wala kufanya biashara. Usidhani kwa sababu mashuka yako Nairobi basi hayakuhusu. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako kabla hujajiandikisha kama mwenye biashara. Shuka sitini kwa mwezi hazifai kukugharimu digrii.

Tatu, kodi. Tangu Julai 2023, biashara ya mkazi wa Kenya yenye mauzo yanayozidi KSh 1,000,000 lakini yasiyopita KSh 25,000,000 kwa mwaka huwa chini ya kodi ya mauzo ya asilimia 3. Hiyo inatozwa kwa mauzo yote, si kwa faida. Rudi kwa mfano wetu: shuka 60 kwa KSh 2,300 ni KSh 138,000 kwa mwezi, yaani KSh 1,656,000 kwa mwaka. Umevuka mstari. Asilimia 3 ya 138,000 ni KSh 4,140 kila mwezi, na zile 16,500 zimekuwa 12,360. Kama wewe huishi Kenya tena kwa mujibu wa sheria ya kodi, kanuni zako ni tofauti, kwa hivyo muulize mhasibu. Na kama umeandikisha biashara kwa jina la ndugu yako, kumbuka kwamba KRA itamuuliza yeye. Mtu hawezi kubeba jina la biashara, kodi ya biashara na mizigo ya biashara, halafu alipwe kwa "Mungu akubariki".

Wiki hii

Hatusemi usubiri mpaka kila kitu kikamilike. Elfu kumi na mbili zilizobaki safi kila mwezi, baada ya kodi na baada ya mshahara, si pesa za kudharau. Ndani ya mwaka zinaweza kuongeza aina ya pili ya bidhaa, na siku ukirudi nyumbani unakuta kazi inayokungoja badala ya kuanza kutafuta ukiwa na miaka arobaini.

Lakini kabla hujatuma shilingi nyingine ya bidhaa, mpigie yule anayekufanyia kazi. Usimuulize kwanza mauzo ya leo. Muulize kazi hii inamchukua saa ngapi kwa siku, na angetaka alipwe ngapi. Huenda akacheka. Huenda akanyamaza kidogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza. Msikilize mpaka amalize, mkubaliane kiasi ambacho biashara inaweza kubeba, kisha mwandikie ujumbe wenye yale mambo matano. Mwisho wa mwezi, mshahara wake uwe malipo ya kwanza kutoka kwa Till, kabla ya bidhaa na kabla ya faida yako.